Quartet: Wazee Wanaoimbia Paa Lao

Filamu ya Quartet, iliyoongozwa na Dustin Hoffman na kuanza kuonyeshwa mwaka 2012, imejipatia sifa ya kuwa filamu ya ucheshi mpole, ile ambayo mtazamaji huitoka akitabasamu, pengine na machozi mawili matatu, bila kuhisi kwamba amesumbuliwa na jambo lolote zito. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ukiuweka kando muziki, bustani za kupendeza na utani wa wazee, unabaki na kisa ambacho si kipole hata kidogo: watu waliokwisha kustaafu, baadhi yao wagonjwa, wanatakiwa kupanda jukwaani ili makao yanayowatunza yasifungwe kwa kukosa fedha. Wasipoimba, hawana uhakika wa pa kulala. Naona kwamba filamu yenyewe inaujua ukali wa kisa hicho, inaukaribia mara kadhaa, kisha inaukwepa kwa adabu. Na mhusika pekee anayeyakataa masharti hayo ndiye ambaye wenzake wote wanamwona mkaidi.

Makao hayo yanaitwa Beecham House, jina linalomkumbusha mpenzi wa muziki marehemu Sir Thomas Beecham, mwongoza okestra wa Uingereza. Wakazi wake wote ni watu wa fani: waimbaji wa opera, wapiga fidla, wapiga klarineti, walimu wa piano. Kila tarehe 10 Oktoba, siku aliyozaliwa mtunzi wa Kiitalia Giuseppe Verdi mwaka 1813, wao huandaa onyesho la kuchangisha fedha. Waimbaji watatu wa zamani, Reg (Tom Courtenay), Wilf (Billy Connolly) na Cissy (Pauline Collins), wanaishi hapo kwa utulivu wa namna fulani, mpaka anapowasili Jean Horton, soprano (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike) aliyewahi kuwa nyota kubwa kuliko wote, ambaye pia alikuwa mke wa Reg na aliyemvunja moyo kwa usaliti. Jean anaigizwa na Maggie Smith. Wanne hao waliwahi kuimba pamoja ule wimbo wa sauti nne katika Rigoletto ya Verdi, na mwendeshaji wa onyesho, Cedric, anaamini kwamba wakiuimba tena tiketi zitanunuliwa. Watatu wanakubali. Jean anakataa, na sehemu kubwa ya filamu inahusu juhudi za kumlainisha.

Wahakiki wengi walikuchukulia kukataa huko kama kiburi cha malkia aliyeshuka kwenye kiti chake. Filamu nayo inatusukuma tufikiri hivyo, maana inatuonyesha Jean akiwa peke yake chumbani, akisikiliza rekodi zake za zamani, na hata akimpiga Cissy kwa maua aliyomletea, kwa hasira ya kuombwa tena jambo alilokwisha kulikataa. Lakini kabla ya kumhukumu ni vyema kufahamu kazi aliyokuwa akiifanya. Mwimbaji wa opera huimba bila kipaza sauti, na sauti ya koo lake moja hutakiwa kuvuka okestra nzima na kumfikia mtu aliyeketi safu ya mwisho juu kabisa ya ukumbi. Nguvu hiyo hutoka kwenye pumzi, kwenye misuli ya mbavu na tumbo, na kwenye nyuzi za koo ambazo zinapaswa kuwa laini na imara kwa wakati mmoja. Umri ukisogea, misuli hiyo hulegea, mtetemo wa sauti hupanuka hadi noti moja ikasikika kama mbili, na noti za juu, ambazo ndizo mtaji wa soprano, huanza kuondoka moja baada ya nyingine. Mpiga piano mwenye umri wa miaka themanini anaweza kuchagua kipande kinachokwenda polepole na bado akasikika kuwa bingwa. Mwimbaji hana chombo kingine zaidi ya mwili wake, na mwili huo ndio unaozeeka. Kwa hiyo Jean anaposema kwamba hataimba kwa sababu hawezi tena kuimba alivyoimba, anatoa tathmini ya kitaalamu, na katika Beecham House nzima hakuna aliye na sifa za kuipinga.

Msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza mbona Bi Kidude hakupata hofu hiyo. Fatma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar mwezi Aprili mwaka 2013, miezi michache baada ya Quartet kuingia katika majumba ya sinema ya Uingereza, aliimba mpaka uzeeni kabisa, na kadiri sauti yake ilivyozidi kukwaruza ndivyo wasikilizaji walivyozidi kumfuata. Tofauti iko katika aina ya muziki. Katika taarabu ya zamani na katika ngoma za unyago, sauti ya bibi aliyeishi mengi ni sehemu ya maana ya wimbo, na hakuna anayemtaka alete noti aliyoileta akiwa msichana. Opera haina huruma ya namna hiyo. Kila noti imeandikwa tangu karne ya 19, kila mpenzi wa opera ameisikia katika rekodi za mabingwa, na mwimbaji anapoikosa ukumbi mzima hujua papo hapo. Bi Kidude alikuwa akipimwa kwa Bi Kidude. Jean atapimwa kwa Jean wa miaka thelathini iliyopita, ambaye rekodi zake bado ziko kabatini.

Ucheshi wenyewe wa filamu hauna uzito sawa kila mahali. Wilf, ambaye kiharusi kimemwondolea breki za ulimi, anawatania wanawake wote, hasa daktari kijana Lucy Cogan, na mzaha huo, unaochekesha mara ya kwanza na ya pili, unachosha kabla filamu haijafika katikati. Zaidi ya hayo, kuutumia ugonjwa kama hati ya ruhusa ya maneno ya kuwasumbua wanawake ni ujanja wa mwandishi ambao leo ungepita kwa shida. Connolly anauokoa kwa haiba yake tu.

Cissy ni suala gumu zaidi. Kumbukumbu zake zinamtoroka, na usiku wa onyesho anafunga sanduku lake akiamini kwamba anasafiri, na Jean, yuleyule aliyempiga kwa maua, ndiye anayemtuliza. Pauline Collins anaigiza kipande hicho kwa uangalifu mkubwa, bila kutuomba machozi. Ila filamu inaondoka hapo haraka mno. Dakika chache baadaye Cissy amevaa gauni lake na yuko tayari kwa jukwaa, na ugonjwa ambao watu wenye mzazi wa aina hiyo nyumbani wanajua haufuati ratiba ya mtu yeyote, hapa umeifuata ratiba ya mwongozaji. Huu ndio upole ninaoulalamikia.

Anayechekesha kwa haki ni Cedric wa Michael Gambon, mzee mwenye makanzu mapana ya rangi kali, anayewaamrisha wapiga ala wa Beecham House kana kwamba wako La Scala, jumba mashuhuri la opera la Milan, na kana kwamba waandishi wa magazeti wanangoja mlangoni. Mzaha wake unatokana na kazi: mabishano juu ya nani aimbe mwisho, nani apewe chumba cha mazoezi, nani jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Uzee haujawageuza watu hawa kuwa mababu na mabibi wapole wa picha za kalenda. Bado wana wivu wa fani, bado wanaipima sauti ya mwenzao wakiwa mezani kwenye chai, na Hoffman, ambaye alikuwa na umri wa miaka 75 filamu hii ilipotoka na ambaye hakuwa ameongoza filamu nyingine kabla yake, anaonekana kuifahamu tabia hiyo vizuri sana.

Uchaguzi wa wimbo nao una ucheshi uliofichika, ambao nadhani watazamaji wengi hawakuuona kwa sababu filamu haiufafanui. Katika tendo la tatu la Rigoletto, opera iliyoonyeshwa kwanza Venice mwaka 1851, Mtawala wa Mantua yumo ndani ya nyumba ya wageni akimbembeleza Maddalena, naye Maddalena anamcheka. Nje, gizani, wamesimama kibarazani Rigoletto na binti yake Gilda, msichana aliyempenda Mtawala huyo kwa moyo wote na sasa anasikia kwa masikio yake jinsi alivyosalitiwa. Wanne hao wanaimba kwa pamoja, kila mmoja na jambo lake: mmoja anatongoza, wa pili anakejeli, wa tatu analia, wa nne anaapa kulipiza kisasi. Sasa tazama nani anaimba nini. Reg, mwanamume aliyesalitiwa na mkewe akabeba kidonda hicho kwa miongo kadhaa, ni tenori, yaani sauti ya juu ya kiume, kwa hiyo ndiye Mtawala, yaani msaliti. Jean, aliyesaliti, ni soprano, kwa hiyo ndiye Gilda anayelia kwa kusalitiwa. Wilf mpenda wanawake anapewa nafasi ya baba mwenye uchungu wa kulinda heshima ya binti yake. Kwa kuimba wimbo huo kila mmoja analazimika kukaa upande wa pili wa kosa lake au wa jeraha lake, na hilo linaeleza suluhu ya Reg na Jean vizuri kuliko mazungumzo yote waliyoandikiwa.

Kisha inakuja dakika ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa filamu nzima. Jean amekubali, wanne wanatoka mbele ya hadhira, makofi yanapigwa, na wakati tunapotarajia kuwaona wakifungua vinywa, kamera inatoka nje ya jengo na kututazamisha nyumba usiku huku rekodi ya wimbo ikisikika. Hatuwaoni wakiimba. Waigizaji hawa si waimbaji wa opera, na mtu anaweza kusema kwamba Hoffman alikuwa akitatua tatizo la kiufundi tu. Lakini Ronald Harwood, aliyeandika filamu hii kutokana na tamthilia yake mwenyewe ya mwaka 1999, alikuwa ametatua tatizo hilohilo kwa njia iliyo wazi zaidi: katika tamthilia wazee wanne wanasogeza midomo tu huku rekodi yao ya ujanani ikipigwa. Njia zote mbili zinakiri jambo moja, kwamba Jean alisema kweli. Sauti tunayoisikia si ya watu wenye umri huo. Filamu imetumia dakika zaidi ya tisini kumshawishi mwanamke huyu kwamba hofu yake haina msingi, na ilipofika saa ya kuthibitisha, imegeuza uso. Kuna mahali pamoja tu ambapo hali ni tofauti: Dame Gwyneth Jones, soprano halisi wa Wales, akiigiza Anne Langley, mpinzani wa zamani wa Jean, anaimba Vissi d'arte kutoka katika Tosca ya Puccini akiwa na miaka takriban 75. Anathubutu, na anastahili heshima, na kwa dakika hizo chache mtazamaji anapata kipimo cha kile ambacho Jean alikuwa akikiogopa.

Historia ambayo kisa hiki kilichotwa kutoka kwake ina jibu tofauti kabisa kwa swali la paa. Verdi, alipokuwa mzee na tajiri, alinunua kiwanja Milan na kumpa kazi msanifu majengo Camillo Boito, kaka wa Arrigo Boito aliyemwandikia Verdi maneno ya opera zake mbili za mwisho. Nyumba ilikamilika mwaka 1899. Ikaitwa nyumba ya mapumziko ya wanamuziki, ingawa watu wa Milan huiita Casa Verdi kwa kifupi, nayo ilikusudiwa waimbaji na wapiga ala wazee ambao bahati haikuwaangukia au ambao ujanani hawakuwa hodari wa kuweka akiba. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake, mchongaji sanamu Giulio Monteverde, Verdi alisema kwamba katika kazi zake zote hiyo ndiyo iliyompendeza zaidi. Alikataa isifunguliwe akiwa hai, kwa sababu hakutaka kushukuriwa. Alifariki tarehe 27 Januari 1901, na wakazi wa kwanza wakapokewa tarehe 10 Oktoba 1902. Amezikwa humo, pamoja na mkewe Giuseppina Strepponi, soprano aliyeimba katika Nabucco mwaka 1842 na ambaye sauti yake ilichakaa kwa kazi nyingi kabla hajafika umri wa kati. Verdi hakuhitaji kusimuliwa maisha ya mwimbaji baada ya sauti kuondoka. Aliyaona nyumbani kwake.

Jambo lililo muhimu zaidi kwa hoja yangu ni namna nyumba hiyo ilivyogharimiwa. Verdi aliiachia mrabaha wa opera zake. Kila Rigoletto, La Traviata au Aida ilipopigwa mahali palipoheshimu hakimiliki, sehemu ya fedha ilikwenda kulipa chakula, dawa na mafuta ya taa ya wazee wa Milan, na mpango huo uliendelea kwa miongo kadhaa hadi muda wa hakimiliki ulipokwisha. Inafaa pia kukumbuka kwamba waimbaji wa enzi hizo hawakuwa na mrabaha wowote. Mtunzi aliuza haki yake mara elfu, lakini aliyeimba alilipwa usiku ule tu. Verdi alichukua haki iliyokuwa ya mtunzi peke yake na kuigawia wale walioupa wimbo wake uhai. Wakazi wa Casa Verdi hawakutakiwa kuimba ili wale. Katika filamu ya hali halisi ya Daniel Schmid ya mwaka 1984, Il bacio di Tosca, ambayo ndiyo iliyompa Harwood wazo la tamthilia yake, soprano Sara Scuderi na wenzake wanaimba ukumbini na koridoni kwa sababu wanataka, wanakosea, wanacheka, wanaanza upya. Hakuna tiketi. Nyumba hiyo ingalipo, na pamoja na wazee inawapokea pia vijana wanaosoma muziki.

Harwood na Hoffman walichukua nyumba iliyojengwa ili wazee wasilazimike kuimba, wakaigeuza kuwa nyumba isiyosimama bila wazee kuimba. Naelewa ni kwa nini: kisa cha kuchangisha fedha kina saa inayokimbia, na bila saa hiyo Jean angeweza kukataa hadi mwisho na filamu isiwe na kilele. Lakini gharama ya uamuzi huo ni kwamba makofi yanachukua nafasi ya haki, na mtazamaji anaondoka akiamini kwamba jambo limetatuliwa kwa moyo wa kujitolea.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunaifahamu hadithi hiyo kwa majina yetu. Muhidin Maalim Gurumo, ambaye sauti yake ilisikika tangu enzi za NUTA Jazz miaka ya 1960, kisha Mlimani Park na Msondo Ngoma, alitangaza kustaafu mwaka 2013 baada ya nusu karne jukwaani, na ilipojulikana kwamba muziki haukumwezesha hata kumiliki gari, msanii kijana Diamond Platnumz alimzawadia moja. Gurumo alifariki mwezi Aprili mwaka uliofuata. Kitendo cha Diamond kilikuwa cha kiungwana, na watu walikuwa na haki ya kukisifu. Hata hivyo zawadi ni zawadi. Inategemea nani amekumbuka na nani amekuwa na uwezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha wanamuziki wakongwe wa Dar es Salaam kiliundwa kwa jina la Shikamoo Jazz kwa msaada wa HelpAge, shirika la kuwasaidia wazee, kikapewa vyombo na kurejea jukwaani, na kikatoa muziki mzuri kwelikweli. Nao pia waliimbia riziki. Redio zilikuwa zimezipiga nyimbo za kizazi chao kwa zaidi ya miaka ishirini kabla mtu hajafikiria kuwanunulia magitaa.

Ulaya yenyewe ilikuwa ikijadili jambo hili wakati Quartet inatengenezwa. Mwezi Septemba mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kurefusha ulinzi wa rekodi za muziki kutoka miaka 50 hadi 70, na sababu iliyotajwa mbele ya nyingine ni kwamba wasanii walioanza kazi wakiwa vijana walikuwa wakifikia uzee na kuona rekodi zao zikiacha kuwalipa wakati wanapozihitaji zaidi. Agizo hilo liliamuru pia kampuni za rekodi zitenge asilimia 20 ya mapato ya muda ulioongezwa kwa ajili ya wapiga ala wa studio waliolipwa mara moja tu. Uingereza ilianza kulitekeleza tarehe 1 Novemba 2013. Wapo waliolipinga, wakisema kwamba faida kubwa ingebaki kwa kampuni na wasanii wachache mashuhuri, na sidhani kwamba walikosea kabisa.

Ndani ya Beecham House rekodi ile ya Rigoletto ipo. Cissy anaisikiliza kwa furaha ya mtoto, na wenzake wanaisifu. Mtu fulani mahali fulani anaiuza. Katika filamu nzima hakuna anayeuliza fedha zake zinakwenda wapi, ingawa wazee wenye jina kwenye jalada wanahesabu viti vya ukumbi ili wajue kama watalala hapo mwakani. Gambon angeweza kutuchekesha vilevile kama Cedric, na kanzu lake la zambarau, angepanda treni hadi London, akaketi katika chumba cha wageni cha kampuni ya rekodi, na kuomba kwa sauti ya kuongozea okestra aonyeshwe vitabu vya hesabu tangu mwaka wa kwanza, huku Jean akiwa amebaki kitandani na chai yake, haimbi.